Flashi yenye "usalama wa kijeshi": namna ya kujua kama ahadi ya mwuzaji ni ya kweli

Mu Bunia, sehemu kubwa ya kazi ya muji inatembea mu flashi. Mwanafunzi anabeba TFC yake mpaka ku nyumba ya saisi na fotokopi. Mwandishi wa habari anabeba sauti za watu wenye alihoji mu Djugu ao mu Irumu. Muhasibu anabeba liste ya mishahara. Mutetezi wa haki za binadamu anabeba majina ya watu wenye walikubali kusema mambo yenye waliona. Yote iko ndani ya kitu kidogo kama kidole, chenye kinaweza kuanguka mu mufuko juu ya taksi-moto, kati ya Mudzipela na Boulevard de Libération, na mutu asijue mpaka jioni.

Juu ya hiyo, kuko flashi zenye zinauzishwa na ahadi kubwa: "AES 256", "usalama wa kijeshi", "inafunguka kwa alama ya kidole", "inajifuta yenyewe". Zinaagizwa ku intaneti, ao ndugu anazileta wakati anatoka Kampala, Dubai ao Ulaya. Bei yake inaweza kuwa mara tano ao mara kumi ya flashi ya kawaida. Je, zile ahadi ni za kweli? Na mutu mwenye hajasoma enformatike anaweza kuzipima namna gani? (Wengine wanasema kle USB, lakini hapa Bunia wengi wakisikia USB wanawaza kwanza Université Shalom. Tutasema flashi tu.)

Kitu chenye kinaweza kupotea

Mu Aprili 2006, gazeti Los Angeles Times la Marekani lilielezea jambo lenye lilifanyika mu Afghanistan. Ku soko lenye lilikuwa mbele ya kambi ya kijeshi ya Bagram, wachuuzi walikuwa wanauzisha flashi zenye ziliibiwa ndani ya kambi. Waandishi wa habari walizinunua kama vile mutu yeyote anaweza kununua. Ndani yake walikuta habari za siri, na pia majina ya Waafghanistan wenye walikuwa wanapasha jeshi la Marekani habari. Kwa ile bei ndogo ya soko, mutu alikuwa anaweza kununua maisha ya wenzake.

Siye wakaaji wa Ituri tunaelewa hiyo bila mutu kutuelezea mara mbili. Jimbo letu limeona washuhuda wakienda kusema mu Korti ya Kimataifa ya La Haye, CPI, mu kesi za Thomas Lubanga, Germain Katanga na Bosco Ntaganda, na ile korti ililazimika kuficha majina na sura za washuhuda wengi kusudi familia zao zisifuatwe. Limeona pia Ebola ya 2018 mpaka 2020, wakati liste za wagonjwa na za watu wenye waliwagusa zilikuwa zinaandikwa kila siku. Kuko vituo vyenye vinapokea wanamuke wenye walibakwa, na kila mumoja wao ana dosye. Jina likitoka mu flashi, haliwezi tena kurudi.

Kufunga mulango na kusimba ni mambo mawili

Kuna namna mbili za kulinda flashi, na watu wengi wanazichanganya.

Namna ya kwanza ni kuficha. Flashi inakuja na programu ndogo yenye inaomba neno la siri, modipase. Ukikosa, inakataa kuonyesha mafaili. Lakini mafaili yenyewe yako mulemule vile uliyaandika. Ni kama dosye yenye iko ndani ya chumba chenye mulango: mutu akipitia ku dirisha, anaisoma. Fundi mwenye anajua kazi yake anaweza kupitia ku dirisha.

Namna ya pili ni kusimba, ao vile wengi wanasema kwa kufuatisha Kifaransa, kukripte. Hapa kila herufi ya faili inachanganywa kwa hesabu, kwa kutumia ufunguo. Bila ule ufunguo, mutu anaweza kufungua gamba la flashi, kuchomoa kipande cha ndani na kukisoma, lakini ataona takataka tu. Hakuna dirisha, sababu hakuna kitu cha kusoma.

Kwa hiyo swali la kwanza ku mwuzaji ni moja: ile flashi inaficha mafaili, ao inayasimba? Kama karatasi yake inasema tu "inalindwa kwa neno la siri", bila kutaja usimbaji, muione kama flashi ya kawaida.

Ahadi ya kwanza: "AES 256, usalama wa kijeshi"

AES ni njia ya kusimba yenye ilitungwa na Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen. Serikali ya Marekani iliichagua kuwa kipimo chake mu 2001, kisha kushindanisha njia mingi mbele ya wataalamu wa dunia nzima. Namba 256 ni urefu wa ufunguo. Mpaka leo, hakuna mutu mwenye ameonyesha namna ya kuvunja AES 256 kwa kujaribu funguo zote. Njo maana mabanki, majeshi na telefone yako vinaitumia.

Basi, ahadi ni ya kweli? Ni ya kweli, lakini inasema kidogo sana. Telefone yenye bei ndogo inatumia AES. Programu ya bure inatumia AES. Maneno "usalama wa kijeshi" hayana mutihani wowote nyuma yake. Kila kampuni inaweza kuyaandika. Ni kama fundi seremala kukuambia kwamba kufuli yenye ametia ku mulango ni ya chuma kigumu. Vizuri. Lakini ufunguo ameuweka wapi?

Mufano uko. Mu 2022, mutaalamu Matthias Deeg wa kampuni SySS ya Ujerumani alipima flashi na diski za kufungwa za kampuni Verbatim. Moja yao, Keypad Secure, iko na vibonyezo vya namba ku mugongo, na inatumia AES 256 kweli. Lakini aliona kwamba iliitumia mu namna yenye wataalamu wanaita ECB: kila mara sehemu mbili za faili zinafanana, zinatoka na sura moja kisha kusimbwa. Mutu akichovya kitenge mu rangi nyeusi moja, rangi zimeisha, lakini maua bado yanaonekana. AES ilikuwa ya kweli, na bado habari ilikuwa inavuja.

Ahadi ya pili: "Inajifuta kisha kukosa mara nyingi"

Ile ahadi ni ya maana sana, na watu wanaipita haraka. Namba ya siri yenye iko na tarakimu 4 iko na njia 10,000 tu. Yenye tarakimu 6 iko na milioni moja. Mashini yenye inajaribu namba elfu moja kila sekunde inamaliza milioni moja mu dakika 17 hivi. Kwa hiyo namba fupi inalinda kitu kama tu flashi inahesabu makosa na inajifunga kwa kweli.

Ile Keypad Secure ilikuwa inaahidi kujifunga kisha makosa 20. Deeg alijaribu, akakosa mara 20, akaendelea, na haikujifunga. Tena alionyesha kwamba mutu anaweza kuchomoa kipande chenye kinahifadhi data, kisha kutafutisha kompyuta yake namba za siri, fasi hakuna mutu wa kuhesabu makosa. Namba ilipatikana mu muda mufupi sana. Flashi ingine yenye vibonyezo, Lepin EP-KP001, ilianguka kwa namna rahisi kupita: ulikuwa unachomoa kipande chenye kinapima namba, unatia mahali pake kile cha flashi ingine yenye namba yake unajua, na mulango unafunguka.

Kwa upande mwingine, kuko flashi zenye zilishika ahadi yao mpaka wenyewe wakalia. Stefan Thomas, mutaalamu wa programu mwenye anakaa Marekani, alikuwa ameandika siri ya bitcoin 7,002 mu flashi ya IronKey, kisha akapoteza karatasi yenye ilikuwa na neno la siri. IronKey inatoa nafasi 10 tu. Wakati magazeti yalieneza habari yake mu 2021, alikuwa amekwisha kukosa mara 8. Mu 2023, kampuni Unciphered ya Marekani ilitangaza kwamba imepata njia ya kupita ile hesabu ku IronKey ya zamani, aina ya S200, kisha kazi ya miezi mingi ya wataalamu wenye vyombo vya bei kali. Tuvute masomo mawili: kujifunga kwa kweli ni kitu kizuri, na hata kitu kizuri kinazeeka.

Ahadi ya tatu: "Imethibitishwa, FIPS 140-2"

FIPS 140 ni kipimo cha serikali ya Marekani kwa vyombo vya kusimba. Toleo lake jipya ni 140-3. Maabara inapima chombo, kisha taasisi NIST inatoa cheti chenye namba, na ile liste ya vyeti iko wazi ku intaneti kwa kila mutu. Hapa kuna mutego wa maneno. "Inafuata FIPS" ni kusema kampuni yenyewe njo inajisifu. "Imethibitishwa FIPS" ni kusema kuko cheti. Muombe namba ya cheti, kisha mutazame kama jina na aina ya flashi vinafanana na ile yenye iko mukononi mwenu.

Lakini hata cheti hakimalize mambo. Mwanzoni mwa 2010, kampuni ileile ya SySS ilionyesha kosa moja ku flashi za Kingston, SanDisk na Verbatim zenye zilikuwa na cheti cha FIPS 140-2, kiwango cha 2. Usimbaji ulikuwa muzuri. Kosa lilikuwa wapi?

Tuseme uko na sentinele ku lango la pariseli yako. Yeye anasimama inje, anatazama karata ya mugeni, na kama karata ni nzuri, anapiga kelele kwa mwenye yuko ndani: "Fungua!" Mwenye yuko ndani hatazame karata; anasikia kelele tu, anafungua. Na mu pariseli zote za mutaa, kelele ni ileile moja. Mwizi hana haja ya karata. Anajifunza ile kelele.

Hivyo njo zile flashi zilikuwa zinafanya. Neno la siri lilikuwa linapimwa na programu ku kompyuta, inje ya flashi. Likiwa sawa, programu ilituma ku flashi ujumbe mumoja wa kufungua, na ule ujumbe ulikuwa ni uleule kila mara, hata neno la siri liwe gani. Wataalamu waliandika programu ndogo yenye ilikuwa inatuma ule ujumbe moja kwa moja. Kingston ilirudisha flashi zake. SanDisk na Verbatim zilitoa marekebisho. Maabara ilikuwa imepima usimbaji, lakini ule ujumbe wa kufungua haukuonekana.

Kwa hiyo muulize: neno la siri linapimwa wapi? Ndani ya flashi, ao ku programu ya kompyuta? Na ufunguo unatoka mu neno langu la siri, ao umekwisha kulala mulemule unangoja tu kuamriwa?

Ahadi ya ine: "Alama ya kidole"

Kidole kinasaidia haraka, hakisaidie siri. Huwezi kubadilisha kidole kama vile unabadilisha neno la siri. Mutu anaweza kukamata mukono wako kwa nguvu, ao wakati umelala. Tena, flashi mingi za kidole zina pia neno la siri la pili, kwa siku yenye kidole kimekataa sababu ya jasho ao udongo. Nguvu ya flashi nzima ni nguvu ya ule mulango wa pili. Kama uliacha "0000" yenye ilitoka nayo kiwandani, kidole ni mapambo.

Neno la siri: fasi watu wengi wanaanguka

Mu Juni 2022, mufanyakazi mumoja mu Japani alikunywa pombe na wenzake kisha kazi, akalala inje, akaamuka bila mufuko wake. Ndani ya mufuko mulikuwa flashi yenye majina, anwani na habari za wakaaji wote wa muji wa Amagasaki, watu karibu 460,000. Flashi ilikuwa imesimbwa. Muzuri. Lakini wakuu wa muji, wakati walikuwa wanatuliza watu mbele ya waandishi wa habari, walisema kwamba neno la siri liko na alama 13, herufi na namba, na linabadilishwa kila mwaka. Papo hapo watu ku intaneti walianza kuhesabu: "Amagasaki2022" iko na alama 13. Mufuko ulipatikana na flashi ndani. Hata hivyo, somo limebaki: usimbaji wa nguvu hauna faida kama jirani anaweza kubahatisha neno la siri.

"Bunia2024", jina la mutoto wako, namba ya telefone, jina la shirika na mwaka: yote ni milango ya wazi. Njia nzuri ni maneno matano ao sita yenye hayana uhusiano kati yao, yenye yamechaguliwa kwa bahati, kama kwa kurusha dadu juu ya liste ya maneno. Kama liste iko na maneno 7,776, maneno matano yanatoa njia zaidi ya bilioni 28 mara bilioni moja. Na mutu anaweza kuyashika mu kichwa. Mithali yenye kila mutu anajua ao mustari wa Biblia haifai: ile maneno yamekwisha kuandikwa mu liste za wezi.

Njia ya bei rahisi: flashi ya kawaida na programu ya bure

Hapa njo kuko habari nzuri kwa mutu mwenye hana dola hamsini ya kununua flashi ya kufungwa. Unaweza kununua flashi ya kawaida na kuisimba mwenyewe.

VeraCrypt ni programu ya bure, na maandishi yake ya ndani yako wazi kwa kila mutaalamu kuyasoma. Ilizaliwa mu TrueCrypt, programu yenye watungaji wake waliiacha mu Mei 2014. Ile TrueCrypt ilipimwa hata na polisi. Mu 2008, polisi ya Brazili ilikamata diski za tajiri mumoja wa benki, Daniel Dantas, zenye zilisimbwa. Wataalamu wa Brazili walijaribu miezi 5. FBI ya Marekani ilijaribu mwaka muzima. Mu 2010 walizirudisha bila kuzifungua. VeraCrypt yenyewe ilikaguliwa mu 2016 na kampuni QuarksLab ya Ufaransa. Ukaguzi ulikuta makosa, mengine mazito, yakatangazwa, na mengi yakarekebishwa mu toleo 1.19. Msiogope programu yenye makosa yake yanatangazwa na kurekebishwa. Muogope ile yenye inasema haijawahi kuwa na kosa.

Ku Windows Pro kuko BitLocker To Go, yenye iko tayari ndani. Ukiianzisha, inakupatia ufunguo wa dharura wa tarakimu 48: uuandike ku karatasi, uutunze mbali na flashi. Mu 2018, wachunguzi wa chuo kikuu cha Radboud mu Uholanzi walionyesha kwamba diski nyingine zenye zinajisimba zenyewe, za Crucial na Samsung, zilikuwa na kasoro, na BitLocker ilikuwa inaziamini tu. Mu 2019 Microsoft ilibadilisha: BitLocker sasa inasimba yenyewe, haiachie diski ile kazi. Hata Microsoft ilifikia kutoamini ahadi ya diski. Ku Linux kuko LUKS, nayo ni ya bure.

Lakini njia ya programu iko na mipaka yake, na mipaka ile inatugusa hapa kwetu:

- VeraCrypt inaomba ruhusa ya mukubwa wa kompyuta. Ku nyumba ya saisi ao ku siber, mara mingi huna ile ruhusa. Hapo flashi yenye vibonyezo inafaa kupita.
- Ukifungua siri yako ku kompyuta ya mutu mwingine, ile kompyuta inaiona. Virusi inaweza kukopia, na nakala inaweza kubaki. Hakuna flashi yenye inakinga jambo hilo, hata ile ya bei kali kupita zote. Faili ya siri haichapishwe fasi yeyote anachapisha.
- Umeme ukikatika wakati flashi inaandika, faili yote ya kusimbwa inaweza kuharibika. Mu Bunia tunajua umeme wetu. Mufunge vizuri mbele ya kuchomoa, na mutunze nakala ya pili, nayo iwe imesimbwa, fasi ingine.
- Musimbe flashi ikiwa mupya, mbele ya kutia siri. Flashi haifute kwa kweli vitu vyenye ulifuta. Vipande vya zamani vinaweza kubaki mu pembe zake.
- Ukisahau neno la siri, imeisha. Hakuna fundi wa kukusaidia. Kama mukurugenzi peke yake njo anajua neno, na siku moja ameanguka, shirika limepoteza kazi yake. Watu wawili wajue, ao litiwe mu bahasha ya kufungwa.

Mupime wenyewe ku nyumba

Mutu asiye mutaalamu anaweza kufanya mitihani tano. Mutumie picha zisizo na maana, si siri zenu.

1. Mutie picha, mufunge, mutie flashi ku kompyuta ingine. Kama picha zinaonekana bila neno la siri, murudishe flashi.
2. Mukose neno la siri kwa makusudi, kupita hesabu yenye imeahidiwa. Kama inaendelea kuwapa nafasi, ahadi ni ya uongo.
3. Flashi ikiwa imefungwa, mutumie programu ya bure PhotoRec, yenye inatafuta mafaili yaliyofutwa. Ikipata picha zenu, flashi haikusimba kitu.
4. Muandikie mwuzaji kwamba mumesahau neno la siri. Kama anajibu kwamba anaweza kuwarudishia neno bila kufuta data, kuko ufunguo mwingine, na haiko mukononi mwenu.
5. Mupime ukubwa. Ku masoko kuko flashi zenye zinaandikwa GB 512 na ndani ziko GB 16 tu. Zinakubali mafaili, kisha zinayapoteza. H2testw ku Windows, ao F3 ku Linux na Mac, zitawaambia ukweli.

Muangalie jambo moja: ile mitihani inaweza kuonyesha kwamba flashi ni mbaya. Haiwezi kuonyesha kwamba ni nzuri. Flashi za 2010 zingepita karibu yote. Njo maana inafaa kutafuta pia ku intaneti jina la flashi, na kuona kama wataalamu wenye hawakulipwa na kampuni wameipima.

Unajikinga na nani?

Swali hili linafaa kuja mbele ya bei. Kama unaogopa mwizi wa mu soko ao mutu mwenye ataokota flashi ku barabara, karibu kila flashi yenye inasimba kwa kweli inatosha. Kama unaogopa mutu mwenye ana mafundi, wakati na pesa, neno refu la siri na programu yenye imekaguliwa vinafaa kupita vibonyezo vya namba.

Lakini kama unaogopa mutu mwenye ana silaha ku bariyere, mu njia ya Komanda ao ya Mahagi, usimbaji hausaidie. Atakuambia ufungue. Hakuna neno la siri lenye thamani kupita uhai wako. Kinga ya pale ni kutobeba: kutuma faili iliyosimbwa kwa intaneti mbele ya safari, kutenganisha majina na ushuhuda, kutumia namba za siri mahali pa majina, na kuacha orodha ya majina fasi ingine. Siri yenye haiko mu mufuko haiwezi kukamatwa mu mufuko.

Tukumbuke pia kwamba sheria iko. Kode ya dijitali ya inchi yetu, Ordonnance-loi n° 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inaongea juu ya ulinzi wa habari za watu na inatia muzigo ku mabega ya wale wenye wanazitunza. Shirika, hospitali ao shule yenye inabeba liste za watu mu flashi ya wazi haifanye tu uzembe. Mbele ya ile sheria inaweza kuulizwa.

Maswali ya kubeba wakati munaenda kununua

- Inasimba, ao inaficha tu?
- Neno la siri linapimwa ndani ya flashi, ao ku kompyuta?
- Kisha makosa mangapi inajifunga, na nani amejaribu?
- Kuko namba ya cheti, na cheti ni cha aina hii ya flashi?
- Kosa likipatikana, kampuni inatoa marekebisho?
- Neno la siri linaweza kuwa refu, na herufi, ao ni namba chache tu?
- Nikilisahau, mutu mwingine anaweza kulirudisha?

Mwuzaji mwenye anajibu mawili ao matatu vizuri, mumusikilize. Mwenye anajibu yote kwa neno moja, "ni ya kijeshi", mumuachie flashi yake, mununue ya kawaida, na ile pesa yenye imebaki mununue flashi ya pili ya kutunza nakala.